Muulize Fundi: Vipilipili kwenye meza ya mninga

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa maseremala na watu wanaojitengenezea vitu nyumbani, na karibu zote zinazungumzia ile mashine ya msasa ya duara, ile ndogo ya kushika kwa kiganja ambayo siku hizi vijana wanaiita sanda. Mi neno hilo limenishinda, sanda naijua ni ya maiti, kwa hiyo humu nitasema mashine ya msasa na tutaelewana tu. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana kilio chake ni cha wengi, zilizobaki nimezipitia haraka haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni seremala Keko hapa Dar, nina miaka 3 kwenye fani. Nimenunua mashine ya msasa ya inchi 5, nikafurahi kweli maana mkono ulikuwa unaniuma kwa kupiga msasa wa kibao kutwa nzima. Nikachukua na diski 100 za msasa kwa bei ya kutupa, pakiti haina jina, imeandikwa 180 basi. Nikapiga meza ya mninga ya mteja, ukipapasa laini kama kioo, nikapaka rangi ya mbao na vanishi nikaenda kulala. Asubuhi naangalia, meza nzima ina vialama vya kujikunja kunja kama nywele, yaani mamia. Mteja kagoma kuchukua. Nimekwangua nikarudia upya na vimerudi vilevile. Mashine mbovu au mimi ndo sijui kazi? (Kijana wa Keko)

JIBU: Marahaba kijana, na pole kwa meza. Hivo vialama kwenye karakana yangu tunaviita vipilipili, maana vimejisokota kama nywele za kipilipili. Piga picha ya kimoja na simu halafu ivute uone kwa karibu, utakuta ni mchoro 1 mwembamba unaozunguka zunguka kama herufi e zilizoshikana. Pale punje 1 tu ya msasa ndo imechora. Ni punje iliyo kubwa kuliko wenzake, au kitakataka kilichonasa chini ya diski.

Ili uelewe kwa nini inachora vile lazima ujue mashine yako inavyotembea. Mota inazungusha shafti ambayo ncha yake haijakaa katikati, imesogezwa pembeni milimita 1 na kidogo hivi, kwa hiyo pedi, ile sahani ya chini unayobandika diski, inacheza viduara vidogo sana, kwenye mashine nyingi za inchi 5 ukiweka spidi ya mwisho ni kama mara 12,000 kwa dakika. Halafu pedi yenyewe imeshikwa na beringi tu, haijakazwa na mota, kwa hiyo huku inacheza vile viduara huku inajizungukia yenyewe pole pole. Miendo hiyo 2 ikichanganyika kila punje inakuwa na njia yake, hairudi palepale ilipopita, ndo maana mashine hii haiachi mistari kama ile ya mkanda. Sasa punje zikiwa saizi moja michoro yake ni midogo na inafutana, jicho halioni kitu. Likitokea jitu moja katikati ya watoto, hilo linachimba chini zaidi na hakuna wa kufuta mchoro wake. Kidole hakisikii kitu. Ila ukipaka rangi ya mbao inakwenda kujaa mle kwenye vijifereji na kukolea, na vanishi ikija juu yake ni kama umewasha taa.

Kwa hiyo kwa mashine hii diski nzuri kwanza kabisa ni ile yenye punje zinazolingana, habari ya kukata sana au kudumu sana inakuja baadaye. Geuza diski uangalie mgongoni. Kuna herufi P kabla ya namba? P180 maana yake mtengenezaji anakuambia amechuja punje kwa kipimo cha Ulaya, kinaitwa FEPA, ambacho hakiangalii wastani peke yake, kinabana pia zile punje kubwa zisizidi kiasi. Wastani wa P180 ni maikroni 82, yaani haifiki hata sehemu 1 ya 10 ya milimita. P80 ni maikroni 201, yaani namba ikishuka punje inakuwa kubwa. Zikidondokea punje chache za P80 kwenye mzigo wa P180 umeshakwisha. Diski iliyoandikwa 180 tupu, haina P, haina jina la kampuni, haina chochote, mle ndani inaweza kuwa na mchanganyiko wowote ule, na wewe ulichonunua nadhani ndo hicho. Ila usiniamini mimi wala maandishi, anayefoji anaweza kuchapa na P vilevile, wino sio ghali.

Mi dukani kabla sijatoa hela nafanya majaribio, muuzaji wangu pale mtaa wa Gerezani ananuna ila ameshazoea. Nachukua diski 2 za namba moja nazikutanisha uso kwa uso, nasugua taratibu juu ya karatasi nyeupe mara 5 au 6 hivi. Diski nzuri inaacha kivumbi kidogo. Mbovu inamwaga mchanga kama umevua viatu ukitoka Coco Beach. Kumwaga huko maana yake gundi ni dhaifu, na punje iking'oka haiendi mbali, inabaki palepale chini ya pedi inaviringika na kuchora, hiyo ni mama wa pili wa vipilipili. Diski za maana zinagundishwa kwa rezini tabaka 2, la kwanza la kuzipandia punje na la pili la kuzifunika miguu zisitikisike. Misasa mingine ya bei ya chini bado inatumia gundi ya wanyama, hiyo ikipata joto la mashine inalegea, na unyevu wa Dar ndo usiseme.

Baada ya hapo nainyanyua diski kuelekea mlangoni kwenye mwanga, nailaza kwa pembeni, naangalia kama ina upara. Punje zinatakiwa zisambae sawasawa. Ukiona sehemu imejaa na sehemu nyingine ni kama shamba lililoota kwa mapengo, rudisha. Usichanganye na zile zilizopandwa kwa nafasi makusudi lakini, zipo, punje zinafunika kama nusu mpaka robo 3 ya uso ili unga wa mbao upate pa kupita, ila hata hizo nafasi zake zinalingana. Kisha nashika ule upande wa manyoya, ule wa kunatia, natafuta ukingo kwa kucha nione kama unabanduka kwenye karatasi. Nikimaliza napanga diski kama 10 juu kwa juu na kuchungulia kwenye yale matundu ya kupitishia vumbi, nikiona upande wa pili safi basi zimekatwa na mashine inayojielewa, nikiona kila moja imekaa upande wake naaga.

Rangi ya diski isikubabaishe. Nyekundu, njano, bluu, zambarau, kila kampuni inapaka inavyotaka, hakuna sheria inayosema nyekundu ndo ngumu. Cha kuuliza ni punje za nini. Kwa mbao kazi nyingi zinafanywa na okisidi ya alumini, ni ya kawaida na sifa yake ni kwamba punje ikichoka inapasuka inatoa makali mapya. Kabidi ya silikoni, mara nyingi ni nyeusi, ni kali ila inavunjika upesi, hiyo iweke kwa kazi ya kulainisha vanishi kati ya tabaka na tabaka. Za zirkonia ziache kwa watu wa vyuma, zinataka kukandamizwa kwa nguvu ndo zipasuke, juu ya mashine nyepesi kama yako zinakuwa butu tu na kuchoma mbao. Na kuna za seramiki, bei imesimama kweli, lakini kwa namba za chini kama P60, P80 mpaka P120 zinakula mninga na mkongo bila kulalamika, mi nanunua za seramiki kwa namba hizo tu, kuanzia P150 kwenda juu sioni faida ya kulipia zaidi.

Najua unawaza hela. Mi pia niliwaza, nikapima kwangu na saa ya simu. Ya kwangu ya bei rahisi nilinunua 600, kwenye mninga ilikata vizuri kama dakika 4 halafu ikawa inapapasa tu. Nzuri nilinunua 1,800 ikaenda dakika 20 na ushee. Piga hesabu mwenyewe, dakika 20 zile za bei rahisi ni diski 5, yaani 3,000, na hapo sijaweka muda wa kubandua na kubandika, sijaweka umeme, na sijaweka mteja aliyegoma kuchukua meza. We ile meza yako peke yake imekula faida ya diski 100 zote.

Sasa nikugeukie na wewe, maana nina wasiwasi unakandamiza. Karibu kila aliyetoka kwenye msasa wa kibao anakandamiza, mkono umezoea. Chukua maka pen, chora mstari pembeni ya pedi, washa mashine juu ya mbao ukiangalia ule mstari. Unatakiwa uone unazunguka pole pole. Ongeza nguvu kidogo kidogo utaona mstari umesimama, mashine inapiga kelele vilevile lakini pedi haizunguki tena, inatetemeka tu, na hapo ndo inachora vipilipili hata ukiwa na diski ya dhahabu. Uzito wa mashine pamoja na uzito wa mkono uliolegea vinatosha. Usiinamishe upande ili kuchimba doa, doa linataka diski ya namba ya chini, sio ukingo wa pedi. Na usikimbie, twende sentimita 2 au 3 kwa sekunde, yaani mwendo wa kinyonga, wenye haraka wote nawajua kwa kuangalia vanishi zao.

Jingine, ukinyanyua mashine hewani pedi ikachukua spidi kama feni mpaka inavuma, ujue ile pete ya mpira inayoibania pedi imechakaa. Ukiishusha mbao hivo ikiwa inavuma inauma mbao. Pete hiyo ni kijipuri kidogo, kabadilishe.

Kuiokoa meza: toa vanishi yote, anza na P100 iliyo nzuri, usianze na ile 180 yako, haina ubavu wa kufuta ilichokichora. Kabla ya kuwasha chora penseli meza nzima mistari myepesi ya mawimbi, upige mpaka penseli iishe kote, ndo unajua hujaruka mahali. Futa meza na pedi yote, vumbi lisibaki hata kidogo, maana punje ya P100 iliyobaki juu ya mbao ikiingia chini ya diski ya P150 umerudi kulekule. Chora penseli tena, P150, futa, penseli, P180. Usiruke kutoka 60 kwenda 180 kwa kuwahi, punje ya P60 ni kama robo ya milimita, utapiga hiyo 180 mpaka jioni na mifereji ya 60 itakuwa bado ipo chini inakucheka. Ukimaliza mashine chukua kipande cha P180 ileile kwenye kibao, pitisha kwa mkono kufuata nyuzi za mbao mara chache tu. Halafu zima taa, laza tochi ya simu juu ya meza mwanga upite chini chini, lowesha kitambaa na thina upangushe. Thina inakuonyesha meza itakavyokuwa ikipakwa, na ikikauka haiachi kitu. Kama kuna kipilipili kimebaki utakiona hapo, na sio kesho asubuhi mbele ya mteja. Fungua madirisha tu na usiwe na sigara mdomoni.

Diski zako 90 na kitu zilizobaki usitupe. Zikate vipande, sugulia kutu kwenye patasi na misumeno.

SWALI: Fundi habari. Shemeji yangu yuko Marekani amenitumia boksi la diski nzuri sana za inchi 5, zimeandikwa 320 bila hiyo P. Nimezijaribu naona zinakata laini kuliko P320 ninayonunua Arusha. Ni feki? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Sio feki. Marekani wana kipimo chao, na kwenye namba za chini hakitofautiani sana na cha Ulaya, 80 ya kwao na P80 ni ndugu. Ila ukishapita 220 njia zinaachana. 320 ya Kimarekani punje yake iko karibu na P400, na 400 yao iko karibu na P800. Kwa hiyo ukichanganya misasa ya pande 2 kwenye meza moja jua unaruka wapi. Inchi 5 ya kwao ni milimita 127 na ya kwetu 125, inaingia bila neno. Na ushauri wa bure kwa shemeji, akitaka kukutumia na mashine yenyewe amwulize muuzaji umeme wake, nyingi za kule ni volti 120, ukichomeka kwenye ukuta wa Tanzania utasikia harufu kabla hujasikia mlio.

SWALI: Natengeneza vitanda vya paini hapa Mafinga, mbao zinatoka msitu wa Sao Hill. Diski zinaziba haraka, dakika 2 tu imeshaganda vidonge vya utomvu na inaanza kuchoma. Nimenunua za bei ya juu na zenyewe zinaziba. Nifanyeje? (Fundi Vitanda)

JIBU: Paini ina utomvu, mashine inatoa joto, joto linayeyusha utomvu na unga unakuwa kama ugali chini ya diski. Bei ya juu peke yake haisaidii hapo. Tafuta diski zenye sifa 2: punje zipandwe kwa nafasi kama nilivyosema juu, na uso upakwe ile poda nyeupe kama chaki, ni aina ya sabuni ya zinki, mafundi wa rangi za magari wanaijua. Unga haushiki juu ya sabuni, unateleza. Diski hizo hizo ndo za kulainishia sila (ile ya kuziba vinyweleo vya mbao) na klia (vanishi isiyo na rangi), ambazo nazo zinaganda vibaya.

Punguza na spidi kama mashine yako ina swichi ya kurekebisha, weka kati badala ya mwisho, joto linapungua kabisa. Mbao iwe imekauka pia, maana najua Mafinga mnavyouziana mbao zikiwa bado zinatoa jasho, na mbao mbichi hakuna diski inayoiweza. Iliyoziba usiitupe haraka, washa mashine, iguse kwenye soli ya kiatu cha zamani ya mpira laini, ule mpira wa njano, inatoa vidonge vyote na diski inarudi kazini mara 2 au 3.

Na kwenye paini usitumie ile pedi laini ya sponji ukiwa kwenye ubao bapa. Pete za paini ni laini, ngumu, laini, ngumu, pedi ya sponji inakula zile laini na kuacha mawimbi utadhani bati. Pedi ngumu, anza P100 au P120 kama mbao imepita kwenye randa vizuri, malizia P180, basi. Ukiendelea mpaka 320 unaipolishi mbao inakuwa haifyonzi rangi, inakaa madoa madoa.

SWALI: Sasa fundi, mimi niko Mombasa. Mashine yangu diski hazishiki tena, ziko nzuri lakini ukiwasha inaruka kama sahani. Duka wananiambia ninunue mashine mpya. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usinunue mashine mpya bwana, nunua pedi. Pedi ina vijindoano vidogo vya plastiki vinavyokamata manyoya ya diski, toa diski uangalie pembeni, nahakika utaona vile vya ukingoni vimeyeyuka vimelala vinang'aa. Hiyo inaletwa na kukandamiza na kuinamisha, au kuendelea kupiga na diski iliyokwisha makali, joto linapanda na ndoano zinalala. Kuna na wale wanaowasha mashine bila diski waone kama inafanya kazi halafu wanaigusisha mbao, pedi imekufa siku hiyo. Ni skrubu 3 au 4 katikati, kwenye mashine zingine skrubu moja, nenda na ile pedi ya zamani dukani kama kielelezo maana skrubu haziko sehemu moja kwa kila kampuni.

Tena ukishaweka mpya, nunua na kale kapedi kembamba ka kukingia, kanakaa katikati ya pedi na diski. Kakiharibika unatupa kenyewe.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Narekebisha makabati na vitanda vya zamani nyumbani Tanga, kazi ya mapenzi tu sio biashara. Mashine yangu ina matundu 8, dukani napewa diski zisizo na tundu hata moja wanasema ni sawa tu. Ni sawa? Na nilipopiga kipande cha mvule macho yaliwasha na mafua siku 2, nina mjukuu humu ndani. (Bibi wa Tanga)

JIBU: Waaleikum salaam bibi. Sio sawa. Yale matundu ndo pua ya mashine, vumbi linavutwa kupitia hapo kwenda kwenye mfuko. Ukiziba, vumbi linabaki chini ya diski, linaipandisha juu, linaleta joto, diski inakwisha mapema na lile lililokosa pa kwenda linakwenda kwenye mapafu yako. Kama huna jinsi ya kupata zenye matundu 8, tengeneza kiolezo cha kadibodi kutoka kwenye pedi, weka juu ya diski, toboa na kipande cha bomba la chuma ulichonoa mdomo. Inachosha, lakini ikikaa vizuri inafanya kazi. Zipo na diski za wavu, zimetobolewa kama chandarua mwili mzima, maarufu ni Abranet ya Mirka ya Finland, hizo hazina habari ya kulinganisha matundu na zinadumu kweli, ila zinataka mashine iungwe na vakyumu, ile mashine ya kufyonza vumbi, na zinataka kile kipedi cha kukingia nilichomwambia wa Mombasa, bila hivo viwili utasema nimekudanganya.

Hilo la mvule usilichukulie kimzaha. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi, macho na pua, wachongaji wa mpingo nao wana kilio hichohicho. Na sio mzio peke yake, lile shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu tangu 1995, hasa saratani ya pua. Kitambaa cha kanga mdomoni hakizuii vumbi laini, tafuta barakoa ya N95. Pigia nje, uani au chini ya mwembe, upepo ukupige mgongoni, mjukuu abaki ndani mpaka umeshakung'uta nguo.

Kama vitanda hivo vina nakshi, mashine usiipeleke kwenye nakshi kabisa, itakula pua za maua yote. Pale mkono. Wazee wetu walikuwa wanatumia jani la msasa lenyewe, mti wa jamii ya mikuyu, jani lake linakwaruza kama ulimi wa paka, na hili jina tunaloita karatasi leo ni jina la mti ule. Ukiupata huko kwenu lijaribu jani lililokauka kidogo kwenye kona za nakshi, linaingia mahali ambapo karatasi haipindi.

SWALI: Hivi diski zinaharibika zikikaa? Nilinunua boksi zima mwaka jana, zimejikunja kama chipsi za ndizi, hazilali kwenye pedi. (Seremala, Unguja)

JIBU: Zimekunywa unyevu. Mgongo wa karatasi unavuta maji ya hewani na uso wa rezini hauvuti, kwa hiyo upande mmoja unanenepa na mwingine haunenepi, diski inajikunja. Punje hazijaharibika. Ziweke juani kwa muda mfupi, halafu zikiwa na uvuguvugu zipange uso kwa uso chini ya kipande cha kioo au kigae kizito zilale usiku mzima, nyingi zitanyooka. Zenye mgongo wa filamu ya plastiki hazina ugonjwa huo, kwa watu wa pwani nazipenda kwa sababu hiyo ingawa bei yake iko juu kidogo. Usiziweke sakafuni kwenye simenti na usiziache kwenye pakiti iliyopasuka. Zangu ziko kwenye kopo kubwa la maziwa ya unga lenye mfuniko wake, diski ya 125 inaingia bila kukunjwa, na juu nimeandika namba kwa maka pen maana mke wangu alishawahi kulifungua akitafuta maziwa.